Neva Zinapovuliwa Ala

Mwanafunzi mmoja na ashike rula ya sentimita 30 kwenye ncha yake ya juu, na mwenzake aweke kidole gumba na kidole cha shahada pande mbili za alama ya sifuri bila kuigusa rula. Wa kwanza aiachie ghafula. Wa pili aibane upesi awezavyo. Kwa kawaida rula huanguka kiasi cha sentimita 20 kabla ya kubanwa, na wale waliokwisha kusoma habari za mwendo wa vitu viangukavyo watakokotoa kwamba muda uliopita ni sekunde 0.2 tu. Katika muda huo mfupi jicho limeona, habari imefika sehemu ya nyuma ya ubongo, uamuzi umepitishwa, amri imeteremka katika ugwe wa mgongo, yaani ile kamba nyororo ya neva ipitayo ndani ya pingili za uti wa mgongo, na misuli ya vidole imejikaza.

Makala haya yanahusu kitu kinachowezesha mwendo huo wa haraka, na maradhi yanayokiharibu. Kubwa miongoni mwa maradhi hayo lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni la watu wa nchi za baridi, lisilomhusu Mwafrika. Tutaona kwamba dhana hiyo ilitokana kwa sehemu na ukweli, na kwa sehemu na ukosefu wa vyombo vya kutazamia. Na kwamba kuzichanganya sehemu hizo mbili kunaweza kumgharimu mgonjwa macho na miguu yake.

NGISI NA BINADAMU

Uzi wa neva ulio mtupu hupeleka habari polepole: kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde, sawa na mwendo wa mtu anayetembea. Binadamu tunazo nyuzi za namna hiyo. Aliyewahi kujikwaa kidole cha mguu anafahamu kwamba maumivu huja mara mbili: kwanza mchomo mkali wa papo hapo, kisha, baada ya kitambo kidogo, maumivu mazito yanayowaka. Mchomo wa kwanza umeletwa na nyuzi zenye ala. Maumivu ya pili yameletwa na nyuzi tupu, nayo yamechelewa njiani.

Kiumbe anayehitaji mwendo wa kasi zaidi anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuunenepesha uzi. Hiyo ndiyo njia ya ngisi, ambaye wavuvi wa pwani wanajua jinsi anavyochomoka kurudi nyuma akishtuliwa. Uzi wake mkubwa una unene wa nusu milimita au zaidi, huonekana kwa macho matupu, na hupeleka habari kwa kiasi cha mita 20 hivi kwa sekunde. Njia ya pili ndiyo waliyoishika wanyama wenye uti wa mgongo, nayo ni kuuvika uzi ala. Uzi wa binadamu wenye unene wa sehemu moja tu ya mia ya milimita, ukiwa na ala yake, hupeleka habari kwa mita 60 hivi kwa sekunde, na nyuzi nene zaidi hufikia mita 120. Neva ya jicho la binadamu ina nyuzi kiasi cha milioni moja. Kama tungefuata njia ya ngisi, kila uzi ukawa na unene wa nusu milimita, neva hiyo moja ingekuwa na unene wa nusu mita. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kuihakikisha hesabu hiyo mwenyewe, kisha akapima kichwa chake.

Ala hiyo imefanywa kwa mafuta na protini, nayo huviringishwa kuuzunguka uzi tabaka juu ya tabaka, kama mkeka unavyokunjwa. Mjerumani Rudolf Virchow aliipa dutu yake jina la mayelini mwaka 1854. Mafuta yake ndiyo yanayoipa sehemu ya ndani ya ubongo rangi nyeupe. Katika ubongo na ugwe wa mgongo mayelini hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti, na seli moja huweza kuvika vipande kadhaa vya nyuzi mbalimbali, kama pweza aliyeshika kamba nyingi kwa wakati mmoja. Nje ya hapo, katika neva za mikono na miguu, kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann, na kila moja huvika kipande kimoja tu. Tofauti hii ya mafundi si jambo dogo: yako maradhi yanayowashambulia mafundi wa ubongoni, na mengine huwashambulia wale wa nje.

Vitabu vingi husema kwamba ala ya mayelini ni kama mpira unaofunika waya wa umeme. Mfano huo unafaa nusu yake tu. Katika waya, umeme husukumwa kutoka mwanzo hadi mwisho na mtambo mmoja. Katika neva, habari hufufuliwa upya njiani. Ala haifuniki uzi wote mfululizo. Kila baada ya milimita moja hivi, au pungufu ya hapo, hukatika na kuacha pengo jembamba mno, ambalo Mfaransa Louis Ranvier alilieleza katika miaka ya 1870. Penye pengo pana milango mingi ya kupitishia chembe za sodiamu zenye chaji. Milango ikifunguka, nguvu ya umeme huinuka. Ala, kwa kuwa huongeza ukinzani na kupunguza kapasitansi ya utando wa uzi, huiwezesha nguvu hiyo kufika pengo linalofuata kabla haijafifia. Milango ya hapo nayo hufunguka, na kadhalika. Ni mbio za kupokezana vijiti kuliko mkondo wa maji katika bomba. Huxley na Stämpfli walithibitisha kwa vipimo mwaka 1949 kwamba habari huruka kutoka pengo hadi pengo.

Sasa ala ikibanduka, sehemu iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi, nayo haina milango ya kutosha. Umeme huvuja, na unaofika pengo la mbele ni dhaifu. Yaweza kutokea habari ikachelewa, au ikapotea, au ikaruka ikaingia katika uzi wa jirani. Mtu huona ukungu, au mguu hukataa kuinuka, au huhisi kama sisimizi wanamtambaa mahali pasipo na kitu. Wagonjwa wengine wakiinamisha kichwa huhisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni; dalili hiyo huitwa kwa jina la Mfaransa Lhermitte, aliyeieleza mwaka 1924.

UGONJWA WA MABAKA

Maradhi makubwa ya kundi hili ni lile ambalo Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, alilieleza mwaka 1868. Alipokata ubongo wa wagonjwa waliokufa aliona mabaka magumu ya rangi ya kijivu yaliyotapakaa katika sehemu nyeupe, naye akauita ugonjwa huo sklerosisi ya mabaka. Hospitalini leo hutajwa kwa herufi mbili tu, MS. Askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vigeni, huigeukia mayelini na kuila. Mahali palipoliwa hubaki kovu.

Ugumu wa kuutambua unaonekana wazi katika shajara ya Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwaka 1822, akiwa kijana wa miaka 28, macho yake yalififia baada ya mazishi ya jamaa yake, kisha yakapona bila dawa. Miaka ikapita, yakaja mengine: kuona vitu viwili viwili, miguu kulegea, ganzi. Alizunguka kutafuta tiba, hakuna aliyeweza kumwambia anaugua nini. Alikufa mwaka 1848, miaka 20 kabla ya Charcot kuupa ugonjwa wake jina.

Katika maisha ya mtu huyo mmoja imo kanuni yote ambayo madaktari wanaitumia hata leo. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kuonyesha kwamba mfumo wa neva umeharibika mahali zaidi ya pamoja, na kwa nyakati zaidi ya moja, bila ya sababu nyingine inayoweza kueleza. Jicho peke yake halitoshi. Mguu peke yake hautoshi. Daktari hulazimika kuuliza, kama mpelelezi, habari za miaka iliyopita: je, umewahi kupofuka jicho kwa wiki mbili kisha likapona?

Hapa mwalimu anahusika kuliko anavyodhani. Ingawa walio wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili au tatu ya wanaume, wapo wanaoanza wakiwa shuleni. Mwanafunzi hulalamika kwamba jicho moja haoni ubao, na linamuuma akiligeuza. Baada ya wiki chache anaona vizuri. Baada ya mwaka anadai miguu haina nguvu, akipumzika hupata nafuu. Kwa mtu asiyejua, huyo ni mvivu, au mwongo, au ana mashetani. Kwa daktari wa neva, kuja na kuondoka kwa dalili hizo ndiyo dalili yenyewe.

Kabla ya vyombo vya kisasa kulikuwa na kipimo kimoja cha ajabu. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa huona vibaya zaidi baada ya kazi ya nguvu. Baadaye ilieleweka kwamba sababu ni joto: joto la mwili likipanda hata kwa nusu digrii, milango ya sodiamu hufunga upesi zaidi, na neva iliyokuwa inajikongoja tu hushindwa kabisa. Basi madaktari wakawa wakimtia mshukiwa katika beseni la maji ya moto na kutazama kama dalili zitajitokeza. Kipimo hicho kiliachwa, kwa kuwa wagonjwa wengine hawakurudia hali yao baada ya kutolewa majini. Lakini elimu yake imebaki, nayo inatuhusu sisi tunaoishi penye joto: mgonjwa anayezidiwa mchana wa jua kali na kupata nafuu jioni hadanganyi.

Chombo kilichofuata kilipima muda, kama ile rula yetu. Mgonjwa hutazama mchoro wa miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi, na vitambuzi vilivyobandikwa kisogoni hunasa umeme wa ubongo. Kwa mtu mzima wa afya wimbi kubwa hufika baada ya milisekunde 100 hivi. Mwaka 1972 Halliday, McDonald na Mushin wa London walionyesha kwamba kwa mtu ambaye neva ya jicho lake imewahi kuvuliwa ala wimbi hilo huchelewa, hata kama yeye mwenyewe anaona vizuri. Kwa hiyo jicho linaweza kutoa ushahidi wa ugonjwa ambao mwenyewe ameusahau.

Kipimo cha tatu ni maji yanayozunguka ubongo na ugwe wa mgongo, yafyonzwayo kwa sindano kiunoni. Protini zake zikitenganishwa kwa umeme, kwa wagonjwa wengi huonekana mistari ambayo haimo katika damu yao. Maana yake ni kwamba kinga inapigana ndani ya ubongo wenyewe. La nne, lililobadili kila kitu, ni mashine ya kupiga picha kwa nguvu za sumaku, MRI, ambayo mwaka 1981 iliwaonyesha madaktari wa Uingereza mabaka ya Charcot ndani ya watu walio hai. Mabaka yalikuwa mengi kuliko walivyotazamia, na mengi hayakuwa yameleta dalili yoyote. Kuanzia mwaka 2001 kanuni za utambuzi, zilizopewa jina la yule McDonald wa kipimo cha macho, zinajengwa juu ya picha hizo, na zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa.

RAMANI YA UGONJWA NA RAMANI YA VYOMBO

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi na sklerosisi ya mabaka. Katika Ulaya ni zaidi ya watu 100 kwa kila 100,000. Katika Afrika idadi iliyotolewa haikufika 10. Msomaji makini atauliza mara moja: je, hawapo, au hawajaonekana? Ugonjwa unaohitaji picha za sumaku ili uthibitishwe hauwezi kuhesabiwa mahali ambapo mashine hiyo iko mbali na mgonjwa kwa safari ya siku mbili na gharama ya mavuno ya msimu mzima.

Mtu aliyelishughulikia swali hili kwa subira kubwa ni Geoffrey Dean, daktari kutoka Uingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya 1940 alihesabu wagonjwa wa nchi hiyo. Aliwakuta wengi miongoni mwa wazungu waliohamia kutoka Ulaya, wachache kuliko hao miongoni mwa wazungu wa lugha ya Kiingereza waliozaliwa huko, wachache zaidi miongoni mwa Makaburu, na miongoni mwa Waafrika hakukuta hata mmoja. Mwaka 1971, pamoja na Kurtzke wa Marekani, alionyesha kwamba mhamiaji aliyewasili akiwa mtoto alikuwa na hatari ndogo kuliko aliyewasili akiwa mtu mzima. Kwa hiyo kuna jambo la mahali na la umri, si la damu peke yake.

Lakini habari ya Dean haikuishia hapo. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto waliozaliwa Uingereza kwa wazazi waliotoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi. Hao waliugua kwa kiwango kinachokaribia kile cha Waingereza wengine, ingawa wazazi wao waliugua mara chache sana. Mwaka 1994, yeye yule aliyeandika kwamba hakuona hata Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huu, alitangaza pamoja na wenzake habari za wagonjwa Waafrika wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 huko California ulikuta kwamba Wamarekani weusi wanapata ugonjwa huu upya kwa kiwango kinachozidi kile cha weupe. Anayesema leo kwamba Mwafrika ana kinga ya asili anasema jambo ambalo hesabu zimekwisha kulikanusha.

Ni nini basi kilicho mahali na katika umri? Sehemu kubwa ya jibu ilitoka Kampala, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika miaka ya 1950 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya unaowaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, akashuku kwamba uvimbe huo unatokana na kirusi. Kwa miaka kadhaa sampuli zilisafirishwa kwa ndege bila mafanikio. Mwezi Desemba 1963 ndege mojawapo ilichelewa kwa sababu ya ukungu ikatua Manchester. Sampuli ilifika ikiwa na maji machafu yaliyodhaniwa kuwa ya vijidudu, kumbe zilikuwa seli za uvimbe zinazoelea, hai. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona ndani yake kirusi kinachoitwa hadi leo kirusi cha Epstein na Barr.

Miaka 58 baadaye, Januari 2022, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanajeshi zaidi ya milioni 10 ambao damu yao ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi. Miongoni mwao waliwafuatilia waliokuja kuugua sklerosisi ya mabaka. Hatari iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hicho. Virusi vingine havikuonyesha jambo kama hilo. Hata hivyo zaidi ya watu 90 katika kila 100 duniani wanacho, nao ni wachache mno wanaougua. Kirusi ni kiberiti tu; lazima pawe na kuni kavu. Miongoni mwa kuni hizo hutajwa urithi, upungufu wa vitamini D kwa wanaokosa jua, uvutaji wa sigara, na umri wa kuambukizwa. Katika Afrika watoto wengi hukipata katika miaka ya kwanza ya maisha, bila dalili za kutajwa. Katika nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, wakaugua homa ya tezi, na walioipata homa hiyo wana hatari kubwa zaidi ya kuvuliwa ala baadaye. Ikiwa maelezo haya ni sahihi, basi miji yetu inavyobadilika, na mtoto anavyochelewa kukutana na kirusi, ugonjwa utaongezeka. Sioni sababu ya kungoja uongezeke ndipo tujifunze kuutambua.

UGONJWA WA DEVIC

Kuna ndugu wa ugonjwa huu ambaye kwa Afrika ana uzito zaidi. Mwaka 1894 Eugène Devic wa Lyon, pamoja na mwanafunzi wake Gault, alieleza wagonjwa wanaopofuka macho na kupooza miguu kwa shambulio zito. Kwa miaka 100 na zaidi ulihesabiwa kuwa ni namna tu ya sklerosisi ya mabaka. Mwaka 2004 Vanda Lennon na wenzake walikuta katika damu ya wagonjwa hao kingamwili ambayo wagonjwa wa MS hawana, na mwaka uliofuata ikajulikana inachoshambulia: mfereji wa kupitishia maji katika seli za ubongo zinazolisha neva, uitwao akwaporini ya 4. Mayelini hapa huharibika kwa sababu mlezi wake ameuawa kwanza. Inafaa kukumbuka kwamba mifereji hiyo ya maji iligunduliwa na Peter Agre, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2003, bila ya kuwaza kabisa juu ya vipofu.

Ugonjwa wa Devic huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia. Katika kisiwa cha Martinique, ambako wakazi wengi ni wa asili ya Kiafrika, walihesabiwa wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000. Katika wilaya moja ya Minnesota, Marekani, yenye wazungu wengi, hawakufika 4. Wengi ni wanawake. Kila shambulio huacha hasara kubwa, na mgonjwa anaweza kupoteza jicho kwa shambulio moja.

Ndiyo maana kosa la kuyachanganya maradhi haya mawili ni la hatari. Dawa kadhaa zinazomsaidia mgonjwa wa MS, kama vile interferoni beta, humdhuru mwenye ugonjwa wa Devic. Kwa upande mwingine, dawa za zamani na za bei nafuu za kutuliza kinga, yaani prednisoloni na azathioprini, huweza kumkinga na mashambulio kwa miaka mingi, mradi ajulikane. Daktari hutazama mambo matatu: macho yote mawili yameshambuliwa kwa karibu wakati mmoja, kovu katika ugwe wa mgongo lina urefu wa pingili tatu au zaidi, ilhali la MS huwa fupi, na mgonjwa aliwahi kushikwa na kwikwi au kutapika kwa siku nyingi bila ya ugonjwa wa tumbo. Hilo la mwisho halihitaji mashine yoyote. Kipimo cha kingamwili chenyewe hufanywa kwa damu, na kichupa cha damu katika kisanduku cha barafu husafiri kwa urahisi kuliko mwanamke asiyeweza kutembea.

SI KILA KUPOOZA

Daktari wa Afrika Mashariki aliye mbele ya mtu aliyepooza miguu ana orodha ndefu kuliko mwenzake wa Ulaya, naye hana haki ya kuruka. Kifua kikuu cha pingili za mgongo hukandamiza ugwe. Kichocho huweza kutaga mayai yake humo. Yako maambukizo ya VVU, na ya kirusi kingine kiitwacho HTLV-1. Upungufu wa vitamini B12 huoza mayelini yenyewe, nao hutibiwa kwa sindano. Mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu ghafula baada ya kula mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha. Huo ni ugonjwa wa konzo, ambao pia uliwapata zaidi ya watu 1,000 huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Konzo huja mara moja, sawasawa kwa miguu yote miwili, kisha hausongi mbele wala haurudi nyuma. Mwenendo huo peke yake unautenga na maradhi ya kuvuliwa ala.

Tusisahau pia mafundi wa nje, seli za Schwann. Bakteria wa ukoma hujipenyeza ndani yake. Ganzi ya mgonjwa wa ukoma ni ya neva kabla ya kuwa ya ngozi. Na wako watu ambao, wiki moja au mbili au tatu baada ya kuhara au mafua, miguu yao hulegea, kisha ulegevu hupanda kiunoni, mikononi, na wakati mwingine kufika misuli ya kupumulia. Huu ni ugonjwa ulioelezwa mwaka 1916 na Wafaransa Guillain, Barré na Strohl kwa askari wawili wa vita. Walipima maji ya mgongo wakakuta protini nyingi bila ya kuongezeka kwa chembe nyeupe, na kipimo hicho, kinachohitaji sindano na maabara ya kawaida tu, kingali na thamani ileile. Kinga imekosea shabaha: bakteria wa kuhara aitwaye kampilobakta ana ngozi inayofanana na ya neva. Wengi hupona wakisaidiwa kupumua kwa wakati, kwa kuwa seli za Schwann ni hodari wa kushona ala upya kuliko wenzao wa ubongoni.

Ugonjwa huu mmoja ndio uliopata bahati ya kutafutwa kwa utaratibu katika nchi zetu, tena kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Katika kampeni ya kuondoa polio kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafula kwa ulegevu hupaswa kuripotiwa, awe na polio au asiwe nayo. Kanuni inadai kwamba kila nchi ipate, kwa mwaka, angalau mtoto mmoja aliyepooza kwa sababu isiyo polio katika kila watoto 100,000, na wenye ugonjwa wa Guillain na Barré ni sehemu kubwa ya hao. Wilaya inayoleta sifuri haisifiwi kwa afya, hutumiwa wakaguzi. Choo cha mtoto huchukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza, na kupelekwa maabara kikiwa baridi. Siku ya 60 mtoto huchunguzwa tena. Mguu wa polio mara nyingi huwa umeanza kunyauka. Ule ambao ulivuliwa ala tu mara nyingi huwa umeanza kurudiwa na nguvu.